Jurassic World Rebirth: Nimelipia Kumbukumbu Zangu Mwenyewe

Naitanguliza hukumu yangu ili asiye na muda wa kusoma yote asipate hasara. Picha hii haichoshi, imepigwa kwa ustadi, na ina tukio moja ambalo ningelipa tena kulitazama. Hata hivyo nilitoka ukumbini na kinyongo cha mteja aliyeuziwa mali yake mwenyewe. Ni ya saba katika mfululizo ulioanza mwaka 1993 na Jurassic Park ya Steven Spielberg. Imeongozwa na Gareth Edwards, imeandikwa na David Koepp, ambaye jina lake limo pia katika uandishi wa ile ya kwanza, na ilitoka Julai 2025. Niliitazama pamoja na mpwa wangu katika ukumbi mmoja ulio ndani ya jengo la maduka hapa Dar es Salaam, na ukijumlisha tiketi mbili, bisi, soda na Bajaji ya kurudi nyumbani usiku, unapata kiasi ambacho kwa mtu wa kipato changu hakitoki mfukoni bila kufikiriwa.

Inafaa nieleze nilikwenda kununua nini, kwa sababu lawama zangu zote zinaanzia hapo. Televisheni upande wa Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na katika mtaa wetu wa Temeke wenye runinga walihesabika. Picha tulizitazama katika banda la video, kwenye mabenchi ya mbao, kwa mikanda ya VHS iliyonakiliwa mara nyingi hadi rangi zikafifia. Tulimjua stelingi na tulimjua adui, na pale Kiingereza kilipotupiga chenga alikuwapo mtu wa kutusimulia, kazi ile ile iliyompa Lufufu umaarufu. Katika banda hilo ndimo nilimomwona kwa mara ya kwanza mnyama mwenye shingo ndefu akisimama kwa miguu ya nyuma ili ayafikie majani ya juu ya mti. Banda zima lilinyamaza, wakiwamo vijana waliokuwa wakija kwa ajili ya picha za ngumi tu na ambao kwa kawaida hawakumwacha msimuliaji amalize sentensi.

Baada ya kuitazama hii mpya niliirudia ile ya kwanza, safari hii nikiwa na daftari. Ina dakika 127, na dinosaria wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu. Muda mwingine ni wa watu wanaobishana juu ya fedha, sayansi na kiburi, na wa vitu vidogo vinavyotutayarisha. Kabla T. rex hajatokea tunaona maji yakitikisika ndani ya kikombe kwenye gari, kazi ambayo mafundi waliifanya kwa kufunga waya wa gitaa chini ya dashibodi na kuudonoa. Mnyama mwenyewe, kwa sehemu kubwa ya tukio hilo, alikuwa mashine yenye uzito wa tani kadhaa iliyotengenezwa na timu ya Stan Winston, ambayo mvua ya bandia ilipoilowesha ilianza kutetemeka na ikabidi ikaushwe kabla ya kuendelea. Kompyuta zilitumika kwa uchache kwa kuwa teknolojia hiyo ilikuwa bado changa na ghali. Ugumu huo ulimlazimisha mwongozaji atungojeshe, nasi tulipokuwa tukingoja tulikuwa tukiogopa, tukibuni vichwani mwetu mnyama mkubwa kuliko yeyote ambaye mafundi wangeweza kumjenga.

Katika picha mpya kundi la mamluki na mtaalamu wa visukuku wanatumwa kisiwani kuchukua damu ya wanyama watatu wakubwa kuliko wote waliosalia, mmoja wa baharini, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa angani, ili kampuni ya dawa itengeneze tiba ya moyo. Si wazo baya hata kidogo. Scarlett Johansson na Mahershala Ali wanaucheza ukongwe wa kazi hiyo kwa utulivu, na Jonathan Bailey ndiye mtaalamu. Wanapomfikia yule wa nchi kavu, kwenye nyasi ndefu, wanawakuta Titanosaurus wawili wakichumbiana. Muziki wa zamani wa John Williams unapanda, mtaalamu anamgusa mnyama huku machozi yakimlengalenga, nasi tunapewa muda wa kutosha wa kuduwaa pamoja naye. Mwili ulinisisimka, sikatai. Kisha mpwa wangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza sekondari na hajawahi kuitazama ile ya kwanza, akaninong'oneza: "Mjomba, huyu analia nini? Si alijua anawafuata wao?"

Ndani ya hadithi ile hapakuwa na jibu la kumpa. Mtaalamu huyu anaishi katika dunia ambayo dinosaria wamekuwa wakizurura kwa miaka mingi. Mapema katika picha hiyo hiyo tunaonyeshwa New York, ambako mmoja wao, mgonjwa, amezuia barabara na watu wanachokiona ni foleni tu. Amesoma juu yao, amefanya kazi katika jumba la makumbusho, na amesafiri makusudi kuja kuwatafuta. Machozi yake yamekopwa kwa Alan Grant wa mwaka 1993, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kupigwa na butwaa kwa kuwa alitumia maisha yake kuchimba mifupa bila kutarajia kamwe kumwona mwenye mifupa. Picha inanitegemea mimi niliyekaa kwenye kiti kuukamilisha mkopo huo kwa kumbukumbu zangu. Mtoto asiye na kumbukumbu hizo anabaki akiuliza swali la haki kabisa.

Kwa kuwa nimetaja mifupa, kuna jambo linaloniuma kidogo kila ninapomwona yule mnyama wa shingo ndefu wa mwaka 1993, ambaye ndiye Titanosaurus hawa wanamwigiza. Mnyama huyo ni Brachiosaurus, na umbo lake ambalo dunia nzima imelizoea limetokana kwa kiasi kikubwa na mifupa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani. Wapagazi waliibeba hadi pwani, ikasafirishwa kwa meli, na leo mnyama huyo, ambaye wataalamu sasa humwita Giraffatitan, amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mimi niliyekulia Temeke nilimfahamu kwanza kwa mkanda uliotoka Hollywood. Nilipomweleza mpwa wangu hayo tukiwa kwenye Bajaji, aliuliza maswali mengi kuliko yote aliyouliza kuhusu picha.

Mikopo haikuishia hapo. Kuna duka lililotelekezwa ambamo watu wanajificha huku wakiwindwa, na aliyeiona ile ya kwanza anatambua mara moja kwamba amerudishwa katika lile jiko la mwaka 1993, pamoja na wale watoto wawili waliojificha humo. Kuna mwanga wa dharura unaopungwa hewani kumvuta mnyama mbali na wenzake, kama ulivyopungwa mwaka 1993. Lakini kilichonikera zaidi ni chanzo cha balaa. Katika ile ya kwanza uzio unazimwa na Dennis Nedry, mtaalamu wa kompyuta aliyebanwa na fedha, anayejiona analipwa kiduchu, anayekubali kuwaibia waajiri wake viinitete ili awauzie washindani wao. Mtu wa namna hiyo tunamfahamu, pengine tumekaa naye ofisi moja. Katika hii mpya balaa la maabara linaanzishwa na karatasi ya chokoleti ambayo mfanyakazi ameidondosha, ikavutwa hadi kuuvuruga mfumo wa mlango. Kiporo ni kitamu, nami ni mlaji wake mzuri, lakini sijaona mahali ambapo kinapashwa kwa mara ya saba, kikapunguzwa nyama, kisha mteja akatozwa bei ya chakula cha leo.

Tukio ninalolisifu bila masharti ni lile la mtoni. Familia iliyoharibikiwa na chombo baharini inamkuta T. rex amelala kando ya mto, na binti mkubwa anajaribu kulitoa boya la kupulizwa karibu na pua ya mnyama bila kumwamsha. Linachukua muda, halina haraka, na ukumbi wetu, ambao hadi wakati huo ulikuwa na simu zinazowakawaka, ulitulia. Chimbuko lake ni riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990 iliyozaa picha ya kwanza, ambamo kuna safari ya boya mtoni iliyoachwa mwaka 1993. Hapa Edwards na Koepp wamerudi kwenye chimbuko lile lile la zamani, ila wamechukua kitu ambacho hakikuwahi kuonyeshwa, wakakijenga kwa subira. Wakati huo sikukumbuka banda wala mkanda, niliogopa tu.

Kwa nini basi sehemu kubwa ya saa mbili na robo haikuwa hivyo? Wenye studio wanaijua hali. Katika ile ya mwaka 2015 mhusika mmoja anasema waziwazi kwamba siku hizi dinosaria pekee hawamshangazi mtu, na hii mpya imeufanya uchovu huo wa watu kuwa msingi wa hadithi. Lakini ile ya 2015 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Ya mwaka 2022, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote kwa kuwa iliwarudisha Sam Neill, Laura Dern na Jeff Goldblum kisha ikawapa kazi ya kuchunguza nzige, ilivuka dola bilioni moja. Edwards alitangazwa kuwa mwongozaji mapema mwaka 2024 na picha ikawa kwenye kumbi Julai 2025, muda mfupi mno kwa kazi ya ukubwa huo. Nayo imepita dola milioni 800. Kwa hesabu hizo, mhasibu yeyote angesaini ya nane.

Ugonjwa huu si wa dinosaria peke yao. Sisi wa mabanda tulimpenda Arnold Schwarzenegger kuliko baadhi ya wajomba zetu, na Terminator 2 ya mwaka 1991 tuliirudia hadi mkanda ukakwama kwenye deki. Mwaka 2019 wakamrudisha yeye pamoja na Linda Hamilton, na katika dakika za mwanzo kabisa wakamuua John Connor, yule mtoto ambaye picha nzima ya 1991 ilikuwa juu ya kumlinda. Walitaka tuje kwa sababu ya kumbukumbu, na kitu cha kwanza walichofanya tulipokaa ni kuifuta. Indiana Jones ya mwaka 2023 ilimrudisha Harrison Ford akiwa na umri wa takriban miaka 80, ikamfanya kijana kwa kompyuta katika sehemu ya mwanzo, na haikufikisha dola milioni 400. Kuhusu Star Wars nitapita haraka, kwa kuwa haikunishika utotoni, ila nawaelewa wanaolalamika kwamba Mfalme aliyekufa mwaka 1983 alifufuliwa mwaka 2019 bila maelezo ya maana.

Inawezekana kurudi vizuri. Top Gun: Maverick ya mwaka 2022 ilikuja miaka 36 baada ya ile ya kwanza, ikawapandisha waigizaji kwenye ndege za kivita za kweli, na ikamkalisha Tom Cruise mbele ya Val Kilmer ambaye saratani ya koo ilikuwa imemharibia sauti. Tukio hilo linamgusa hata asiyeijua ile ya 1986, kwa kuwa anachokiona ni watu wawili waliozeeka, na mmoja wao anazungumza kwa shida. Uzee wenyewe ndio hadithi.

Nikirudi kwenye huduma niliyolipia: ukumbi ulikuwa safi, kiyoyozi kilikuwa kikali kiasi cha kuhitaji sweta, na sauti ilikuwa bora kuliko kitu chochote tulichokiota Temeke. Tafsiri ya Kiswahili haikuwapo kwa maandishi wala kwa sauti, na mpwa wangu alipitwa na utani kadhaa ambao msimuliaji wetu wa zamani asingekubali upotee. Kwa anayempeleka mtoto mwenye umri wa chini ya miaka kumi ningeshauri asubiri, kwa sababu vifo ni vingi na yule mnyama wa mwisho mwenye kichwa kilichovimba anatisha kwa namna isiyopendeza. Kwa mtu mzima wa rika langu, tiketi moja ya siku ya kawaida inatosha. Miwani ya 3D iache, inaongeza bei na giza. Natoa nyota tatu kati ya tano: moja ya waigizaji, moja ya mafundi, na moja nzima ya mto. Wakitangaza ya nane, nitamwacha mpwa wangu atangulie, kisha nitamuuliza kama kuna mahali alipoogopa mwenyewe.