Uturi wa mafuta uliotengenezwa kwa mikono: uzoefu wangu wa kuuvaa

Malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu uturi wa mafuta yanatokana na namna ya kuupaka. Mtu hujipaka kama anavyojipulizia pafyumu ya alkoholi, hunusa papo hapo, anaona haunukii, anaongeza. Nusu saa baadaye kichwa kinamuuma na lawama zinakwenda kwa mtengenezaji. Ninaozungumzia hapa ni uturi usio na alkoholi, unaotengenezwa kidogo kidogo kwa mikono: sandali, waridi, udi, yasmini, mitti (uturi wa udongo), na michanganyiko yake. Naupenda kuliko manukato mengine yote, na kwa sababu hiyo nitasema wazi pale unapochosha.

Alkoholi hukauka upesi, na inapokauka huinua harufu na kuitupa hewani. Mafuta hayana msaada huo. Yanategemea joto la ngozi tu, kwa hiyo harufu hupanda polepole na hukaa karibu na mwili. Dakika tano za kwanza hazikupi hukumu yoyote. Subiri dakika thelathini hadi arobaini ndipo uamue kama unahitaji kuongeza, na mara nyingi utakuta huhitaji.

Kiasi ndicho kinachoamua mengi. Mililita moja ya mafuta hutoa matone 20 hadi 30 hivi, kutegemea uzito wa mafuta na unene wa kijiti cha kupakia. Kwa sandali, tone moja au mawili kwa siku yanatosha. Kwa udi safi, tone zima ni kupita kiasi. Huko mimi huchovya ncha ya kijiti cha kioo, naifuta kwenye mdomo wa chupa ndani kwa ndani, kisha naigusisha kwenye ngozi mara mbili tu. Chupa ya mililita 3, ambayo ni kama robo tola (tola moja ni gramu 11.66), ikitumiwa tone moja kwa siku hukufikisha miezi miwili na zaidi. Anayeimaliza ndani ya wiki mbili anajipaka mafuta mengi mno, na waliokaa naye wanajua.

Mahali pa kupaka: watu wengi hukimbilia vifundo vya mikono, nami napaona hapafai sana, maana kila ukinawa mikono uturi unakwenda na maji. Mkunjo wa kiwiko hudumu zaidi. Kisogo, chini kidogo ya mpaka wa nywele, ni pazuri. Kifuani chini ya nguo ndipo ninapopapenda zaidi, kwa kuwa joto la mwili hupandisha harufu kupitia kwenye ukosi, na inakufikia wewe kwanza kabla ya wengine. Ngozi kavu huipoteza harufu mapema. Paka mafuta ya mgando kidogo sana au losheni isiyo na harufu, ngoja dakika tano, halafu ndipo upake uturi juu yake. Kusugua mkono kwa mkono hakuharibu uturi kama inavyosemwa, ila kunaongeza joto na kuutandaza, basi zile harufu nyepesi za mwanzo zinaondoka haraka. Bonyeza tu.

Sasa niseme mafuta yenyewe yanavyokaa mwilini.

Sandali ya kweli, ile ya mti wa Santalum album, huanza karibu kimya. Unasikia kitu kama maziwa na mbao laini, basi. Baada ya nusu saa inafunguka, inakuwa nene na tamu kwa mbali, na kwangu hudumu saa nane au zaidi bila kubadilika sana. Kiwango cha kimataifa cha mafuta haya, ISO 3518, kinataka viambato vyake vikuu viwe hivi: alfa-santaloli kati ya asilimia 41 na 55, na beta-santaloli kati ya 16 na 24. Mtengenezaji makini huwa na karatasi ya vipimo vya maabara, na kuiomba si utovu wa adabu. Sandali inayopiga kelele kuanzia dakika ya kwanza kama mbao iliyopasuliwa sasa hivi, ishuku. Ile ya Australia, Santalum spicatum, ni halali kabisa lakini ni kavu zaidi na ina uchungu kidogo. Isiuzwe kwa jina la nyingine.

Nimeitanguliza sandali kwa sababu ndiyo msingi wa uturi wa jadi wa Kannauj, mji wa Uttar Pradesh nchini India. Huko maua na maji hutiwa kwenye chungu kikubwa cha shaba kiitwacho deg, mfuniko huzibwa kwa udongo, na mvuke hupita kwenye bomba la mwanzi hadi kwenye chombo cha pili, bhapka, kilichokaa ndani ya maji ya kupoza. Ndani ya bhapka tayari kuna mafuta ya sandali, nayo ndiyo yanayopokea na kushika harufu ya maua. Kwa hiyo uturi wa waridi wa namna hii ni waridi juu ya sandali: waridi linazungumza saa mbili tatu za mwanzo, kisha linazama taratibu, na sandali inalibeba hadi jioni.

Sandali imekuwa adimu na ghali, na wengi sasa huweka mahali pake parafini ya maji, yaani mafuta ya madini yaliyosafishwa, au kiyeyusho kiitwacho DPG (dipropylene glycol). Hii inabadilisha kila kitu mwilini. Mwanzo unaweza kuwa uleule, lakini baada ya saa mbili hakuna kilichobaki chini. Waridi linakatika kama taa. Sioni kosa mtu kuuza uturi wa namna hiyo akiutaja ulivyo. Kosa ni kuandika "asili tupu" kwenye lebo.

Unaweza kujipimia nyumbani. Dondosha tone moja kwenye glasi ya maji safi. Mafuta hubaki tone, yakielea au, kama ya karafuu, yakizama kwa kuwa ni mazito kuliko maji. DPG huchanganyika na maji, kwa hiyo uturi wenye DPG nyingi hutawanyika na kuacha ukungu. Kipimo cha karatasi kinachosifiwa sana, kwamba mafuta safi hayaachi doa, kinadanganya. Mafuta ya limau yatatoweka kweli, lakini udi, sandali na vetiveri (mafuta ya mizizi ya aina ya nyasi) ni mazito kwa asili, na doa lake linaweza kukaa siku nyingi hata yakiwa safi kabisa.

Waridi lililotolewa kwa mvuke, bila sandali, ni jambo lingine. Kilo moja ya mafuta hudai petali kilo 3,000 hadi 4,000 hivi, kwa hiyo chupa iliyojaa inayouzwa kama bure haina waridi la kutosha ndani yake. Kwenye ngozi huanza na ukali kama wa pilipili manga, kisha asali, kisha majani mabichi, na ndani ya saa nne limekwisha. Kwenye baridi, chini ya nyuzi 20 hivi, huganda na kutoa vipande vyembamba kama barafu. Hiyo ni nta ya ua lenyewe. Shika chupa kiganjani dakika chache itayeyuka. Watu wameirudisha chupa nzuri kwa muuzaji wakidhani imeharibika.

Mitti ni uturi wa udongo: vipande vya udongo uliochomwa huchemshwa ndani ya deg na harufu yake kupokelewa kwenye sandali. Unanukia vumbi lililonyeshewa mvua ya kwanza. Ni wa chinichini mno, aliyeketi karibu nawe huenda asiusikie kabisa. Mimi huuvaa nyumbani.

Yasmini ndiyo inayowatesa wengi. Petali zake hazivumilii joto la mvuke, kwa hiyo harufu nyingi ya yasmini hutolewa kwa viyeyusho, na matokeo yake ni mafuta mazito mekundu-kahawia yenye indoli, kemikali ya asili ya ua hilo. Indoli ikizidi hunuka kama vidonge vya kufukuzia nondo na uozo wa mbali. Ikipunguzwa, ndiyo inayofanya ua liwe hai badala ya kuwa sabuni. Usiivae safi kamwe. Kiasi kidogo sana ndani ya mafuta mengine kinatosha.

Udi unahitaji subira zaidi ya yote. Hutoka kwenye miti ya Aquilaria iliyojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, nayo ikajikinga kwa utomvu mweusi. Baadhi ya watengenezaji huloweka magogo siku nyingi kabla ya kuyachemsha, na uchachu huo ndio unaoleta ile harufu ya zizi la ng'ombe katika nusu saa ya mwanzo. Anayenusa kizibo na kuondoka hajaujua udi. Baada ya hapo unaingia ngozi iliyotengenezwa, moshi, wakati mwingine utamu kama wa matunda makavu, na asubuhi ya pili bado unausikia kwenye mkunjo wa kiwiko. Usiyeupenda uchachu, tafuta ambao mbao zake hazikulowekwa muda mrefu. Muulize mtengenezaji swali hilo moja kwa moja. Muulize pia vibali, kwa maana spishi zote za Aquilaria zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2005, na kuvusha udi mipakani kuna masharti yake.

Kuhusu miski nyeupe: ni ya kutengenezwa maabara, na sioni ubaya wowote. Miski ya paa inatoka kwa mnyama anayelindwa, na mimi sitaivaa. La kuangalia ni kwamba molekuli za miski ni kubwa na pua za watu wengi haziisikii baadhi yake kabisa. Ukiona huisikii, muulize mtu kabla ya kuongeza. Hata kwa mafuta mengine pua huzoea ndani ya muda mfupi. Toka nje dakika kumi, urudi, ndipo utajua umebeba nini.

Kwa mafuta makali mimi huyazimua. Chupa ya mililita 10: gramu 7.5 za jojoba na gramu 1 ya uturi, karibu asilimia 12, ukiacha nafasi kidogo juu. Tumia mizani inayosoma 0.01, maana kuhesabu matone kutakupotosha. Tikisa, weka gizani wiki mbili, kisha ndipo uvae. Jojoba ni nta iliyo katika hali ya maji, haichachi upesi. Mafuta ya lozi huchacha, na harufu ya karanga zilizokaa hupanda juu ya uturi wote. Ukiona mchanganyiko umegawanyika tabaka mbili, huenda uturi wako una DPG. Haishikani na jojoba hata ukitikisa mchana kutwa.

Chupa za gololi zina faida ya kubebeka, lakini uturi mzito kama udi huzifanya zinate, joto huzifanya zivuje, na kila zikipita kwenye ngozi zinarudi na jasho ndani. Nabaki na kijiti. Usihifadhi mafuta kwenye chupa yenye kinyonyeo cha mpira; mvuke wa uturi hulainisha mpira na mpira hutia harufu yake. Chupa nyeusi, iliyosimama wima, kabatini mbali na bafu. Ikifika nusu, hamishia kwenye chupa ndogo, kwani hewa iliyojaa juu ndiyo inayochosha harufu, hasa zenye machungwa.

Hilo la machungwa lina upande wa afya pia. Limonini na linaloli, viambato vya harufu vilivyomo humo, zikikutana na hewa muda mrefu hugeuka kuwa vitu vinavyowasha ngozi, kwa hiyo chupa ya zamani inayonuka kama rangi ya kupaka ukutani itupe. Mafuta ya bergamoti (tunda la jamii ya machungwa) yaliyokamuliwa maganda huunguza ngozi ikipigwa na jua. Kikomo cha IFRA, chama cha kimataifa cha viwanda vya manukato, kwa ngozi ni asilimia 0.4, vinginevyo tafuta iliyoondolewa bergapteni, kemikali inayoleta kuungua huko. Gome la mdalasini na karafuu ni vikali. Uturi mpya ujaribu kwenye mkunjo wa kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba, palepale. Wekundu au muwasho unaweza kuja siku ya tatu, kwa hiyo jaribio la dakika kumi halina maana.

Nguo nyeupe na hariri ziweke mbali. Udi huacha doa la kahawia, na pasi hulikaza lisitoke tena. Likitokea, nyunyizia unga wa mahindi laini, uache saa moja, pangusa, kisha sabuni ya vyombo na maji yasiyo ya moto. Ukitaka nguo inukie, weka tone kwenye pamba ndani ya kifuko kidogo mfukoni.

Usinunue mililita 12 kwa kunusa kizibo. Chukua sampuli ya nusu mililita, vaa siku tatu tofauti, moja iwe ya joto, na unuse dakika ya tano, ya arobaini, saa ya nne na asubuhi yake. Andika namba ya fungu iliyo kwenye chupa, kwa maana mavuno ya msimu mwingine hayatanukia vilevile, na utakapoagiza tena omba fungu hilo kabla halijaisha.