7Artisans 35mm f/0.95 ama TTArtisan 50mm f/1.2?

Zote mbili ni lenzi za kufokasi kwa mkono, za kamera za sensa ya APS-C, yaani sensa ndogo kuliko ile ya fremu kamili. Kwa bei TTArtisan ni nafuu zaidi, hapo hakuna ubishi. Lakini kama wapiga picha vichochoroni Mji wa Kale usiku, taa yenyewe moja tena ya duka, chukua ile 35 bwana, manake f/ ni upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga waingia zaidi, na f/0.95 yaingiza mwanga kama mara 1.6 ya f/1.2 so ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) huipandishi sana, halafu kwa Sony ama Fuji yaona kama 52mm ya fremu kamili, kichochoro chaingia vizuri. Ile 50 yawa kama 75, hiyo ni ya sura za watu, bi arusi amekaa kitako apambwa. Wakianza chakacha, eh, fokasi itakutoa jasho kwa zote mbili, we funga tundu mpaka f/2.8.