Bolt Action mezani kwangu Tudor: pesa zilikokwenda na raha niliyoipata

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeingia kwangu hapa Tudor akakuta jeshi la vinyago limepangwa juu ya meza ya chakula. Sanduku moja la askari wa plastiki wenye kimo cha milimita 28 huuzwa Uingereza kwa kama pauni 30. Likishatua Mombasa si pauni 30 tena. Kuna nauli ya kifurushi, kuna ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na huo ushuru wenyewe. Ukimpata mtu anayerudi nyumbani kutoka Ulaya na begi lake lina nafasi, usimwachie. Sanduku langu la kwanza lilikuja na shemeji, limebanwa katikati ya viatu vya watoto, na halikuvunjika hata bunduki moja. La pili niliagiza kwa duka moja la mtandaoni, likafika pembe zimepondwa, na nilipowaandikia hawakujibu mpaka leo.

Mchezo wenyewe, wa kupiganisha majeshi ya vinyago mezani, unaitwa Bolt Action. Ni wa kampuni ya Warlord Games ya Nottingham, Uingereza, ulitoka mwaka 2012, na toleo la tatu la kanuni lilitoka 2024. Mmoja wa waandishi wake ni Rick Priestley, yule yule wa Warhammer 40,000, mchezo wa vinyago wa mwaka 1987, kwa hivyo waliocheza Warhammer hawatapotea. Tofauti ni kwamba hapa hakuna majitu ya angani. Ni Vita Vikuu vya Pili vya Dunia: bunduki, mizinga, vifaru, na watu wanaoogopa. Kila mchezaji anajenga jeshi kwa pointi (kila kikosi kina thamani yake), mara nyingi 1,000, na meza kamili ni futi sita kwa nne. Meza yangu haifiki hapo, tunacheza pointi 500 na hatujapungukiwa na kitu. Hakuna miraba kama ya drafti. Unapima kwa futi kamba: askari anayesogea huku akipiga anakwenda inchi 6, anayekimbia bila kupiga anakwenda 12, na bunduki ya kawaida inafika inchi 24.

Kilichonikamata ni mfuko wa dadu. Kila kikosi mezani kina dadu yake moja, yangu kijani, za adui nyekundu, zote zinatiwa kwenye mfuko mmoja. Unatia mkono bila kuchungulia, unatoa moja. Ikiwa kijani, mimi nachagua kikosi changu kimoja na kukipa amri. Ikiwa nyekundu, ni zamu ya mwenzangu. Amri ni sita, na kila upande wa dadu una amri yake: piga, sogea, kimbia, vizia, jipange, lala. Ile dadu unaiweka kando ya kikosi kuonyesha kimeshaamrishwa, na mfuko unaendelea kupungua mpaka uishe, kisha zote zinarudi na zamu mpya inaanza.

Ukisoma hivi waweza kuona ni jambo dogo. Kaa mezani ndipo utajua. Katika michezo mingi ya aina hii, mimi nasogeza jeshi langu lote huku wewe umekaa unachezea simu, halafu tunabadilishana. Hapa huwezi kuondoka hata kwenda kuongeza chai. Nina kikosi kiko wazi uwanjani, bunduki ya rashasha ya Kijapani inakitazama, na ndani ya mfuko zimebaki dadu tatu: mbili zangu na moja ya mpwa wangu. Anatia mkono yeye. Anautoa polepole makusudi. Nyekundu! "Mjomba, hao waage," ananiambia, na wala hajaanza kuhesabu inchi.

Jambo la pili ni woga. Kikosi kikipigwa risasi zikagusa, hata kama hakuna aliyekufa, kinapata alama ya kubanwa. Kila alama inashusha ari kwa moja, na kikosi chenye alama hakitii amri vivi hivi, lazima urushe dadu mbili na jumla isizidi ari iliyobaki. Askari wa kawaida wanaanza na ari 9. Walimbikie alama nne na wamebaki na 5, na kupata 5 au chini kwa dadu mbili ni taabu. Kwa hiyo unaweza kushinda bila kuua watu wengi, kwa kuwabana tu wasiinue vichwa huku kikosi kingine kikizunguka ubavuni. Kwa mchezo wa kurusha dadu, hilo ni jambo la kweli mno.

Mzee mmoja jirani, bingwa wa bao, alikuja kututazama jioni moja. Alikaa na kahawa yake hadi tukamaliza, kisha akasema: "Kwenye bao ukishindwa ni akili yako. Hapa ukishindwa watasingizia dadu." Hakukosea. Kama wewe ni mtu wa bao au chesi, unataka kila kete iwe mbele ya macho yako na hesabu iwe yako mwenyewe, mchezo huu utakukera. Mpango mzuri unaweza kuharibiwa na dadu mbili mbaya. Mimi sikereki, lakini nawajua ambao wangepindua meza.

Jeshi langu ni King's African Rifles, wale askari wa Afrika Mashariki waliopigana chini ya Waingereza. Sikutaka Wamarekani wa Normandy, kila mtu anao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), iliteremka bonde la Kabaw kule Burma katikati ya mvua za mwaka 1944, matope hadi magotini, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Hiyo ndiyo vita ninayoicheza. Na usiseme Mombasa ilikuwa mbali na mambo hayo: meli za kikosi cha mashariki cha Waingereza zilihamia Kilindini mwaka 1942, na wavunja siri za ujumbe wa redio wa Wajapani walikuwa wakifanya kazi ndani ya shule ya Allidina Visram.

Tahadhari moja kwa atakayenifuata: zile sanamu za askari zilizo Jomo Kenyatta Avenue ni za vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918. Usiige sare kutoka pale. Burma walivaa kofia pana za kitambaa kigumu, walibeba bunduki za Lee-Enfield na rashasha za Bren.

Vichwa vyenye kofia hizo nilichapishiwa na kijana mmoja wa Bamburi mwenye printa ya 3D ya resini, kutoka kwenye faili niliyoinunua mwenyewe. Kazi safi, na bei haikulingana hata kidogo na kuagiza ng'ambo. Ukipelekea kijana wako kazi kama hiyo, sisitiza vinyago vioshwe vizuri kwa spiriti na vikaushwe kwa taa ya UV kabla hujavipokea. Resini inayonata kidoleni haijaiva, nayo inawasha ngozi. Na usiviache kwenye gari lililoanikwa juani, bunduki nyembamba zitapinda.

Sasa rangi, na hapa nitakaa kidogo.

Seti nyingi za rangi zinazouzwa kwa mchezo huu zina chupa moja ya rangi ya ngozi, na ngozi hiyo ni ya Mzungu. Kwa askari wangu haifai hata kama msingi. Ninachofanya: naanza na kahawia iliyokolea sana, karibu nyeusi, uso mzima. Ikikauka, nachanganya kahawia hiyo na nyekundu ya matofali na tone la manjano, napaka palipoinuka tu: paji la uso, mfupa wa shavu, pua, kidevu. Kisha mchanganyiko ule ule na manjano zaidi kidogo, ncha ya brashi tu, kwenye pua na juu ya shavu. Usitie nyeupe kupata wepesi, uso unageuka kijivu kama wa maiti. Na usipake wote rangi moja. Kikosi kilikuwa na watu wa kila pembe, wengine weusi tititi, wengine maji ya kunde, na ukiwachanganya hivyo kikosi kinapata uhai. Kichwa kizima hakifiki milimita 5, lakini ukishapata mkono, uso mmoja hauchukui muda mrefu. Macho siyapaki. Kivuli cha kofia kinatosha.

Hewa ya hapa ina vituko vyake. Feni ikiwa juu yako, rangi ya maji inakauka kwenye kibao kabla hujachovya mara ya pili. Dawa yake ni kisahani chenye tishu iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi unaiweka juu ya karatasi na inabaki laini jioni nzima. Praima ya kupuliza, ile rangi ya msingi, ndiyo yenye kesi. Huwezi kuibeba kwenye ndege, kwa hiyo ni ile ya kijivu ya magari kutoka hadwea, na wakati wa masika hewa imejaa unyevu, inatua ikiwa na chembechembe kama unga. Pulizia mchana kavu, upepo ukiwa umetulia, na jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ya plastiki kilichobaki. Siku za mvua mimi napaka praima kwa brashi. Ni kazi ya kuchosha, ila haina mshangao.

Msitu wa Burma haukunigharimu kitu cha kutaja. Usumba wa nazi ukichambuliwa na kupakwa kijani ni majani marefu mazuri kuliko ya dukani, nasema bila upendeleo. Vibanda ni kadibodi na vipande vya makuti. Mchanga wa chini ya miguu ya askari ni wa Nyali, lakini uoshe kwa maji ya bomba mara kadhaa na uuanike kabla ya kuugandisha, chumvi ikibaki inavuta unyevu na rangi inaumuka.

Yasiyonipendeza? Kitabu cha kanuni ni kinene na ni Kiingereza kitupu. Mpwa wangu aliye kidato cha tatu alikielewa, lakini watoto wadogo lazima uwaelekeze kwa mdomo. Kupima kwa inchi kunaleta ubishi, hasa kikosi kikiwa kimejificha nusu nyuma ya kibanda. Sisi tumekubaliana kwamba mwenye shaka anainama hadi usawa wa macho ya askari wake na kutazama. Akimwona adui, anapiga. Na gharama haikomi. Kila ukimaliza kikosi kimoja unaona pengo la kingine: mzinga, wauguzi, askari wa kuelekeza mizinga. Mke wangu ameshaacha kuuliza bei, sasa anauliza tu, "Hao wapya watalala wapi?" Swali halali. Wangu wanalala kwenye kontena za plastiki za chakula, sumaku ndogo chini ya miguu na bati jembamba limegandishwa ndani, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Bila hivyo, kwa hewa hii ya bahari, sumaku na bati vinashika kutu upesi.

Kwa kumi naupa nane, na hizo mbili nimezikata kwa ajili ya bei ya kuufikisha hapa, wala si kwa mchezo.

Anayetaka kuanza Mombasa, ushauri wangu ni kitabu cha kanuni, sanduku moja la askari mgawane na mwenzako gharama, na dadu za kawaida za rangi mbili. Zile dadu zenye amri zilizochongwa ni nzuri, lakini dadu ya ludo inafanya kazi ile ile: moja ni piga, mbili ni sogea, na kuendelea. Mfuko wa kahawa uliotupu unatosha. Kifaru acha kwanza. Mpwa wangu anaweka akiba ya kununua Chi-Ha, kifaru cha Kijapani, na ameshanionya kwamba kitateremka bonde la Kabaw mwisho wa mwaka, nami nimeshaanza kuuliza bei ya bunduki ya kupigia vifaru.

Wapinzani hapa mjini ni wachache, ndiyo sababu naandika. Ijumaa baada ya isha meza yangu iko wazi. Atakayekuja, aje na futi kamba yake, maana yangu imekwenda Kilifi na mpwa wangu na haijarudi.