Uzoefu wangu: kutengeneza rota ya mota ya mashine ya kusaga, Nyakato, Mwanza

Kama mota yako imesukwa upya na bado inaungua, usikimbilie kuisuka tena. Toa rota, ile sehemu inayozunguka ndani, uitazame. Yangu ni ya kilowati 15, fezi tatu, mizunguko 1,460 kwa dakika, inaendesha mashine ya kusaga huku Igoma. Karakana ya kwanza ilibadilisha koili tu, rota haikuguswa. Wiki tatu hazikuisha, moshi tena.

Mafundi wa Nyakato walianza na alama. Rota ilikuwa imekwaruzika mzunguko mzima, lakini stata, ile sehemu isiyozunguka yenye koili, iling'aa sehemu moja tu, upande mikanda inakovutia. Hapo shafti haijapinda. Beringi ndiyo inayocheza. Ingekuwa kinyume, yaani rota sehemu moja na stata pote, shafti ndiyo ingeshukiwa. Nafasi kati ya rota na stata haifiki milimita moja, kwa hiyo ikicheza kidogo tu chuma kinasaga chuma, joto linapanda na vanishi ya waya inaungua.

Beringi yake ni namba 6309, tundu milimita 45. Shafti ilipimwa kwa maikromita ikasoma 44.93. Tena ilikuwa na vidoto vilivyogongwa kwa sentapanchi, chuma chenye ncha kali, ule ujanja wa kuifanya beringi ikamate. Mkatalie fundi anayefanya hivyo! Vile vinundu vinasagika upesi na beringi inaanza kuzunguka juu ya shafti. Hawa walijazia kwa kuchomelea kidogo kidogo, upande huu kisha ule wa pili, ili joto lisiipinde, wakaikereza hadi 45.01. Beringi mpya ya C3, yaani yenye nafasi kubwa kidogo ndani, waliipasha kwenye mafuta hadi nyuzi 100 hivi, ikateleza hadi mahali pake bila nyundo.

Fito za alumini zilizo ndani ya rota walizipima pia: umeme mdogo kwenye fezi mbili, rota inazungushwa polepole kwa mkono huku macho yakiwa kwenye kipima ampia. Mshale ukipanda na kushuka, kuna ufito uliokatika. Kwangu mshale ulitulia.

Kasoro yao ni kusawazisha uzito. Wanailaza rota juu ya reli mbili na kuongeza washa (viduara vya chuma) upande mwepesi. Kwa puli nyembamba inatosha. Rota ndefu inaweza kuwa nzito juu mwisho huu na nzito chini mwisho ule, ikatulia kwenye reli lakini ikatikisika ikikimbia. Yangu bado inatikisika kidogo, na kwa vile kazi nyingine yote ni nzuri, hilo linaniuma.

Ikisaga mahindi sasa inakula ampia 26 kila fezi, chini ya 28 zilizoandikwa kwenye kibati chake, na kifuniko cha beringi unakishika bila kuungua. Ukienda kwao, beba puli na kii yake (kipande cha chuma kinachoifunga kwenye shafti) wazipime pamoja na rota, na ukirudi usikaze mikanda kupita kiasi. Mikanda iliyokazwa hivyo ndiyo iliyoanza kuila beringi ya kwanza.