Redio yetu ya FM: matangazo mazuri, habari zisizo na haki kwa watu wa mila

Redio ninayoizungumzia ni moja ya redio za FM za Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo. Siitaji kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza inazihusu pia redio nyingine kadhaa za mji huu, na sitaki msikilizaji adhani kwamba akihamia masafa mengine ameikwepa. Kama huduma, ina mengi ya kusifiwa. Inasikika vizuri kutoka Kamalondo hadi Ruashi, hata kwenye kiredio cha betri umeme unapokatika. Tangazo la msiba likipelekwa asubuhi linasomwa kabla ya saa sita mchana, majina ya marehemu na ya wafiwa yanatamkwa sawasawa, na mahali pa kilio panaelezwa vizuri kiasi kwamba mgeni anayetoka Likasi anafika bila kusumbuka. Bei ya unga wa mahindi, ambayo katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya Katuba na Kenya ndiyo habari kubwa ya siku, inatolewa kila asubuhi na haifichwi inapopanda. Anayetafuta redio kwa ajili ya mambo hayo hatajuta kuichagua hii.

Kinachonifanya niandike ni taarifa ya habari ya jioni inapowagusa watu wanaoshika mila za wahenga, wale ambao hewani wanatajwa kuwa ni wapagani. Katika taarifa hiyo watu hawa hawapo ila kama watuhumiwa. Mtoto akipotea, kaburi likifukuliwa, mchimbaji akifukiwa na udongo shimoni, sauti ya ngoma na mlio wa bundi vinawekwa chini ya maneno ya mtangazaji, na kabla ya kutajwa ushahidi wowote msikilizaji ameshaoneshwa nani wa kulaumiwa.

Nitoe mfano ninaoufahamu kwa karibu. Mtoto wa kike alipotea mtaani kwetu, na mwandishi wa redio hii akaja hadi kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mizimu nyuma ya nyumba yake. Ni kibanda cha nyasi kisichozidi kiuno cha mtu mzima. Ndani mlikuwa na sahani ya bati yenye mpemba, ule udongo mweupe, kibuyu cha pombe ya mahindi, na kigoda ambacho marehemu baba yake alikuja nacho kutoka Bukama. Jioni tulisikia kwamba vifaa vya kutisha vimegunduliwa, na kwamba katika sahani kumeonekana unga mweupe usiojulikana. Usiojulikana na nani? Kwa watu wa kabila la Waluba mpemba ni alama ya usafi na ya mwanga wa mwezi, na hupakwa mtu anayeombewa heri. Mwandishi alikuwa amesimama mbele ya mzee ambaye angemweleza hayo yote kwa Kiswahili, na hakumwuliza swali hata moja. Waliopewa nafasi ya kusema ni pasta, jirani mwenye ugomvi wa kiwanja na mzee huyo, na kijana aliyekuwa akipita njia.

Mtoto alipatikana kwa shangazi yake Kipushi, mzima wa afya. Habari hiyo ilisomwa mara moja tu, baada ya bei ya dola, bila ngoma wala bundi, na mzee hakutajwa kabisa. Hakupigwa, namshukuru Mungu, lakini wateja walikoma kuja kwenye meza ya mkewe sokoni, na kile kibanda alikibomoa mwenyewe.

Nilikwenda ofisini kwao kuuliza. Mhariri alinipokea kwa heshima na kunipa kiti.

“Mama, watu wa mambo yale hawapendi kusema,” akaniambia.

“Baba, mlimwuliza akakataa?”

Akanijibu kwamba mwandishi alikuwa na haraka. Namshukuru kwa ukweli huo, maana jibu la aina hiyo ndilo linaloeleza ubovu wa huduma yenyewe: muda wa kumtafuta pasta ulipatikana, muda wa kumwuliza mzee aliyekuwa hatua mbili kutoka kwenye kinasa sauti haukupatikana.

Sababu si chuki peke yake, na huenda chuki si sababu kubwa. Redio hii inaishi kwa kuuza muda. Asubuhi na usiku, saa nzima nzima zinanunuliwa na makanisa, na katika saa hizo shuhuda za watu waliookolewa kutoka kwa mizimu hufuatana bila mtu wa kuuliza swali. Kuna pia ile bahasha ambayo waandishi wote wa Kongo wanaijua kwa jina la coupage, anayoitoa mwenye shughuli kwa mwandishi aliyekuja kuripoti. Kanisa hufanya mkutano na kualika redio, na kampuni ya madini hufanya vivyo hivyo. Mzee wa mila hana ukumbi wala bahasha, hivyo anafikiwa tu siku ambayo polisi wamefika kwake. Msikilizaji anayelipa tangazo la kilio anapaswa kujua kwamba habari anayoisikia baadaye jioni imechujwa kwa uwezo wa kulipa vilevile.

Wala redio hii haiwezi kusema kwamba haina ujuzi. Jumamosi mchana ina kipindi cha utamaduni ambacho ni kizuri kuliko vyote inavyovitoa. Humo nimewahi kumsikia mzee akieleza lukasa, kile kibao cha mbao chenye shanga na michoro ambacho watu wa chama cha Mbudye walikigusa kwa vidole wakisimulia historia ya wafalme wa Waluba, na mtangazaji alimwuliza maswali ya kweli, akasubiri jibu, akamwacha amalize. Ngoma zilipigwa, lakini kama muziki. Ni studio ileile, ni mitambo ileile, na sioni kwa nini adabu ya Jumamosi mchana isifike kwenye taarifa ya Jumatatu jioni.

Mji wetu una sababu zake za kuwa mwangalifu. Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri na kuombea wagonjwa katika kijiji cha Nkamba mwaka 1921, magazeti ya walowezi yalimchora kama mtu wa hatari, na mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Mfalme wa Ubelgiji aliibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha, na kifungo hicho alikitumikia hapa hapa, Élisabethville ya wakati ule, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Leo tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa ajili yake. Katika mji huohuo, mwaka 1945, padri Mfransisko Placide Tempels alichapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu, akitumia aliyoyasikia kwa Waluba. Wengi wamemkosoa kwa haki, lakini angalau aliketi na kuwasikiliza wazee ambao wakubwa wake waliwaona hawana fikra.

Mambo haya hayako Kongo tu. Katika mji wa West Memphis, jimbo la Arkansas nchini Marekani, watoto watatu wa kiume waliuawa mwaka 1993, na vijana watatu wakakamatwa. Magazeti na televisheni zilieneza habari za ibada za shetani, na mahakamani nguo nyeusi za mmoja wao, Damien Echols, muziki aliousikiliza na hamu yake ya kusoma kuhusu dini ya kipagani ya Wicca vilitajwa kana kwamba ni ushahidi. Alihukumiwa kifo mwaka 1994. Waliachiwa mwaka 2011, baada ya miaka 18, baada ya vipimo vya DNA kutopata chochote kinachowaunganisha na mahali pa mauaji. Naileta habari hiyo kwa sababu watangazaji wetu wana desturi ya kudhani kwamba hofu hii ni ya wanakijiji wasiosoma.

Watu wa mila si peke yao. Watwa wa mkoa wa Tanganyika, hapa hapa Kongo, tangu mapigano yao na Waluba yalipopamba moto Nyunzu na Manono, wanatajwa katika redio hii kwa mishale yao tu, ingawa sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inawatambua kama watu wa asili wenye haki zao. Waislamu wanakumbukwa siku ya Idi na siku ya bomu katika nchi nyingine. Na sisi Wanakatanga tunakumbuka miaka ya 1992 na 1993, Wakasai, wenzetu wenye asili ya Kasai, walipoitwa hadharani bilulu, yaani wadudu, kisha wakafukuzwa kwa maelfu na kurundikana kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri treni. Mhariri niliyeongea naye ana umri wa kuyakumbuka hayo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kwa matangazo, bei za soko na kipindi cha Jumamosi, itumie bila wasiwasi. Kwa habari za uhalifu zinazotaja uchawi, mizimu au dini ya mtuhumiwa, usiipitishe kwa jirani kabla hujasikia upande wa pili, na ikiwa mtoto ametajwa kuwa mchawi, kumbuka kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza tuhuma hiyo na kuiwekea adhabu, bila kujali ni pasta au mtangazaji aliyeitamka.

Anayetajwa vibaya ana haki ya kujibu, ambayo imo katika sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 2023 kama ilivyokuwa katika ile ya 1996. Aandike barua kwa nakala mbili, ataje siku na saa ya habari, na nakala ya pili ipigwe muhuri wa mapokezi palepale. Aende asubuhi, amwombe mhariri mwenyewe, maana karatasi zinazoachwa mezani kwa mlinzi hazifiki. Asichelewe, kwa kuwa sauti za taarifa hazihifadhiwi kwa muda mrefu. Redio ikinyamaza, nakala yenye muhuri inapelekwa CSAC, baraza linalosimamia maadili ya redio na televisheni. Barua ya mzee wetu imeshapokelewa na kupigwa muhuri; anaomba kusoma mwenyewe, kwa sauti yake, maelezo ya vile vitu vilivyokuwa katika kibanda chake, katika taarifa ileile ya jioni na si katika kipindi cha Jumamosi.