TAHADHARI: Wameniuzia taiming belti, na gari langu halina taiming belti

Wenye Toyota IST someni hii, na wengine sambazeni. Taiming belti ni ule mkanda unaofanya valvu za injini zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Naandika kwa hasira na kwa aibu, lakini nikinyamaza wataendelea kula hela za watu.

Gari langu ni IST, na fundi wa barabarani alishaniangusha nalo Chalinze. Baada ya pale sikutaka tena fundi wa chini ya mwembe. Nikapeleka gereji kubwa hapa Dar, ya vigae na kiyoyozi, mafundi wote ovaroli za rangi moja. Jina siliandiki kwa sababu shauri nalipeleka mbele. Nilikwenda kumwaga oili tu!

Kijana wa mapokezi akaniamkia vizuri, akanikalisha, nikaletewa chai. Baadaye akaja kuniita, "dada, njoo uone mwenyewe." Gari limenyanyuliwa, tairi za mbele zimeshatolewa. Mkononi kashika belti ya mpira yenye meno. Akaikunja mbele ya uso wangu, nyufa zikafunguka katikati ya meno, akachukua kidole changu akakipitisha juu yake nizisikie. "Hii ndiyo taiming belti yako, dada. Ikikatikia Kibaha una watoto ndani, injini yote imekwenda." Anasema taratibu, kwa huruma kabisa. Mtu akishakutajia watoto wako unafikiria nini kingine? Belti na beringi yake 290,000, ufundi 120,000, na breki pedi za mbele 85,000 kwa kuwa "zimeisha, dada, zinakula chuma." Nikasaini, nikalipa.

Na asije mtu akaniambia nilizembea. Ile belti kuukuu alinifungia kwenye gazeti nikaondoka nayo. Mwizi gani anakukabidhi kidhibiti mkononi? Makadirio yametoka kwenye kompyuta na yamegongwa mhuri. Risiti ya EFD nilipewa. Mimi si fundi, na ndiyo maana nikaenda kwa wanaojiita mafundi.

Fundi wetu wa mtaani, yule aliyekuja kurekebisha taa, ndiye aliyelifungua lile gazeti. Akaniuliza hii belti ya gari gani. Nikamwambia ya hili hili. Akasema hapana, hii ni ya injini ya 3S, zile Noah za zamani. IST, iwe ya 1.3 au ya 1.5, haina taiming belti. Ina cheni, imo ndani ya injini, na haibadilishwi kwa ratiba ya kilomita kama belti. Belti inayoonekana ni ile ya nje inayozungusha altaneta, pampu ya maji na kompresa ya AC, na yangu ilikuwa na vumbi lake la siku zote, hakuna mkono ulioigusa. Akatoa tairi. Breki pedi ni zilezile, zimepigwa msasa uso ukang'aa.

Nikarudi. Meneja akanisukumia karatasi: "Mteja uliidhinisha, saini si yako hii?"

Yupo kijana aliyewahi kufanya kazi pale, ndiye aliyenieleza wanavyolipana. Yule wa mapokezi mshahara wake ni mdogo mno, hela yake yenyewe ni asilimia ya kila spea inayoandikwa kwenye kadi ya kazi. Kuna lengo la mwezi, na mwisho wa mwezi hakuna gari linalotoka zima. Mafundi wanalipwa kwa kazi iliyofungwa, kwa hiyo anayepoteza saa nzima kukagua ili akwambie gari lako halina tatizo, siku hiyo amelala njaa. Na duka la spea la mtaa wa Gerezani nalo lina cha juu cha anayepeleka oda. Ile belti yenye nyufa ni ya maonyesho tu, inakaa nyuma ya kaunta, wameshawaonyesha wengi. Mnaona? Anayeamua gari lako linaumwa nini ndiye anayelipwa kwa ukubwa wa ugonjwa.

Marekani waliyapata haya haya. Jimbo la California lilituma magari ya mtego kwenye gereji za Sears, mwaka 1992 Sears wakatuhumiwa kuuzia watu matengenezo yasiyohitajika, wakaondoa kamisheni kwa wale wapokea magari. Hapa nani anatuma gari la mtego? FCC, ile Tume ya Ushindani, wapo, TRA wa kodi wapo. Wafungiwe! Meneja alale ndani hata usiku mmoja, na leseni ichukuliwe. Huyu kijana wa mapokezi na adabu zake za uongo asipewe tena gari la mtu.

Dalili zilikuwepo. Risiti ilikuwa na mstari mmoja tu, "matengenezo", hakuna spea hata moja iliyotajwa. Tairi zilitolewa kabla sijaulizwa. Boksi la spea mpya sikuonyeshwa. Na ile haraka yao, amua sasa, duka linafungwa. Kabla hujasaini, piga picha kadi ya gari na makadirio, mtumie fundi asiye na fungu pale.

Mwenye karatasi ya gereji ya namna hii iliyoandikwa taiming belti, na gari lake ni la cheni, anitumie picha yake pamoja na risiti. Jumatatu napeleka malalamiko FCC, na nataka niende na karatasi nyingi, sio yangu peke yake.