Hadithi za Kisayansi kwa Watoto wa Shule: Vitabu Ninavyovipendekeza na Umri Unaovifaa

Mzazi au mwalimu anayetafuta hadithi za kisayansi za kumpa mtoto hukutana kwanza na majalada yenye roketi, roboti na sayari zenye pete, na nyuma ya jalada hukuta maelezo ya mchapishaji kwamba kitabu kinafaa umri wa miaka 8 hadi 12. Maelezo hayo aghalabu hupima ugumu wa lugha na kuishia hapo. Katika aina hii ya uandishi kipimo hicho hakitoshi hata kidogo, kwa sababu hadithi ya kisayansi inaweza kuandikwa kwa sentensi fupi ambazo mtoto wa miaka 9 huzisoma bila kukwama, huku ikibeba jambo ambalo hata mtu mzima hulisoma kwa shida. Kwa hiyo vitabu ninavyovitathmini hapa nimevipima kwa uzito wa yale yanayotokea ndani yake. Vyote isipokuwa vile vya Mfaransa Jules Verne viliandikwa kwa Kiingereza, na mtoto anayekisoma kama lugha ya pili huenda akahitaji kuongezewa mwaka mmoja au miwili juu ya umri ninaoutaja, au apate mtu wa kusoma naye.

Kwa mtoto wa miaka 6 au 7 ambaye bado husomewa, sijaona kitabu kinachokishinda The Iron Man cha Ted Hughes, kilichochapishwa mwaka 1968. Jitu la chuma linaporomoka kutoka kwenye genge la bahari, linavunjika vipande vipande, kisha vipande vinaanza kutafutana: mkono unaliokota jicho, na ukiwa sasa na jicho vidoleni, unaweza kuona njia ya kuvifuata viungo vingine. Hughes alikuwa mshairi, na sentensi zake hutamkika vizuri zikisomwa kwa sauti. Sura ni tano tu, kila moja ikitosha usiku mmoja.

Akishaanza kusoma mwenyewe, yaani kati ya miaka 7 na 10, kitabu cha kumpa ni The Wild Robot cha Peter Brown, cha mwaka 2016. Meli iliyosheheni roboti inazama katika tufani, makasha matano yanafika kwenye kisiwa kisicho na watu, na ni roboti mmoja tu anayebaki mzima. Jina lake ni Roz, na hakuna aliyemwelekeza afanye nini. Anajifunza kujificha kwa kumtazama mdudu anayefanana na kijiti, anajifunza lugha za wanyama kwa kusikiliza muda mrefu bila kusogea, na polepole wanyama wanaomwita dubwana wanaanza kumzoea. Sura zimefika 80, nyingi zikiwa za kurasa mbili au tatu, na michoro ya mwandishi mwenyewe, isiyo na rangi, imetawanywa humo kiasi kwamba mtoto anayechoka upesi hupata pa kupumzikia bila kukifunga kitabu.

Ninakisifu zaidi kwa ujasiri wake. Mapema katika hadithi Roz anateleza kwenye mwamba na kuangukia kiota cha mabata-bukini. Wazazi wanakufa, mayai yanavunjika isipokuwa moja, na kifaranga anayetoka katika yai hilo anamwita Roz mama. Mwandishi halifichi jambo hili wala haliremba: kifaranga anaambiwa ukweli baadaye, na msomaji wa miaka 8 analazimika kukaa na swali la iwapo aliyeleta msiba bila kukusudia anaweza kuwa mlezi mwema. Filamu ya mwaka 2024 ni nzuri, lakini ina haraka ambayo kitabu hakina, na ningependa mtoto aanze na kitabu. Jambo la kutahadhari ni sura za karibu na mwisho, ambamo roboti wenye silaha wanakuja kumchukua Roz na mapambano yanakuwa makali ghafla. Mtoto mwepesi wa kuogopa asiachwe azisome peke yake kabla ya kulala. Vipo vitabu viwili vinavyofuata, cha mwaka 2018 na cha mwaka 2023. Cha kwanza kati ya hivyo ndicho nilichokiona kina sababu ya kuwepo.

Kwa umri huohuo wapo wanaopendekeza George's Secret Key to the Universe, kilichoandikwa na Lucy Hawking pamoja na baba yake, mwanafizikia Stephen Hawking, mwaka 2007. Kompyuta iitwayo Cosmos hufungua mlango unaomwezesha mtoto kuingia angani moja kwa moja, na katikati ya hadithi mna visanduku vya maelezo kuhusu sayari, vimondo na mashimo meusi, pamoja na picha za rangi. Sehemu za sayansi ni bora kuliko hadithi yenyewe, ambayo adui wake ni mbaya kwa namna iliyozoeleka mno. Mtoto anayeuliza maswali ya anga kila siku atakipenda. Anayetaka hadithi tu atavipita visanduku, na hapo faida yake nyingi itakuwa imepotea.

The City of Ember cha Jeanne DuPrau, cha mwaka 2003, ndicho ningekinunua kwanza kama fedha zinatosha kitabu kimoja tu cha maktaba ya darasa lenye watoto wa miaka 9 hadi 12. Mji wa Ember hauna jua wala mwezi. Mwanga wote hutoka kwenye taa za umeme, jenereta imechakaa, taa zinazimika mara kwa mara na kila mara zinachelewa zaidi kuwaka, na maghala ya vyakula vya makopo yanakaribia kuwa matupu. Watoto wakifika miaka 12 hupewa kazi kwa kuokota karatasi kutoka mfukoni. Lina anaokota kazi ya kuhudumia mabomba chini ya ardhi, Doon anaokota ya utarishi, na wanabadilishana, kwa kuwa Lina anapenda kukimbia na Doon anataka kuiona jenereta kwa macho yake.

Ubora wa kitabu hiki umo katika jinsi mwandishi alivyoifikiria hali hiyo hadi mwisho. Watu wa Ember hawana mwanga wa kubeba mkononi. Hakuna tochi, hakuna mshumaa, wala hakuna anayejua kwamba kitu kama hicho kinawezekana, kwa hiyo giza linaloanza pale taa ya mwisho ya mtaa inapoishia lina nguvu kuliko ukuta wowote. Baadaye watoto wanapokuta mishumaa na viberiti wanavigeuzageuza bila kuelewa ni vya nini, na msomaji anayejua jibu hutamani kuwapigia kelele. Vivyo hivyo kwa maelekezo ya kutoka mjini, ambayo wajenzi waliyahifadhi katika sanduku lenye kufuli la muda: yanamfikia Lina baada ya mdogo wake Poppy kuitafuna karatasi, na kurasa kadhaa zinapita wakikisia herufi zilizokosekana. Nimeona watoto wakichukua kalamu na kujaribu kuzijaza kabla Lina hajazijaza. Meya mlafi ni mhusika dhaifu, kwani ubaya wake unaonekana mara tu anapotokea. Vitabu vinavyofuata havina mvuto wa cha kwanza, na cha tatu, kinachorudi nyuma miaka mingi kabla ya Ember, kinaweza kurukwa bila hasara.

A Wrinkle in Time cha Madeleine L'Engle kilichapishwa mwaka 1962 na kupata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1963. Meg Murry, msichana asiyejipenda sana, anasafiri pamoja na mdogo wake na rafiki yao kwenda kumtafuta baba yao aliyenaswa kwenye sayari ya mbali. Safari yenyewe inaelezwa kwa mfano ambao mwalimu anaweza kuurudia darasani: sisimizi anatembea kwenye upindo wa vazi kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kisha mikono miwili inakutanishwa na sisimizi anajikuta amefika bila kuvuka kitambaa. Na iko picha moja ambayo watu wazima waliokisoma utotoni hawaisahau, ya mtaa wenye nyumba zinazofanana, ambako watoto wote wanadunda mipira na kuruka kamba kwa mdundo mmoja, mpaka mmoja anapoupoteza mpira wake na mama yake anatoka mbio kwa hofu. Hakuna hotuba juu ya udikteta ambayo ingemfikia mtoto wa miaka 11 kama ukurasa huo. Kasoro zake ni mbili: dini imeingizwa kwa wazi, jambo ambalo baadhi ya familia wataliona zuri na nyingine hawatalitaka, na mwisho unafika haraka kama kwamba kurasa zilikuwa zimekwisha. Mtoto aliyekipenda apewe baada yake When You Reach Me cha Rebecca Stead, cha mwaka 2009, ambacho mhusika wake mkuu hubeba A Wrinkle in Time kila mahali na kukisoma upya bila kuchoka. Humo mna vijibarua vinavyotaja mambo kabla hayajatokea, na kueleza zaidi ya hapo ni kumnyang'anya msomaji raha yake.

Nafika kwenye kitabu ambacho orodha nyingi zimekisahau, nacho ni The Ear, the Eye and the Arm cha Nancy Farmer, cha mwaka 1994. Hadithi inatokea Zimbabwe katika mwaka 2194. Watoto watatu wa Jenerali Matsika, ambao ni Tendai, Rita na Kuda, wamelelewa katika nyumba inayolindwa kwa mitambo na kuhudumiwa na roboti, na hawajawahi kutembea mjini peke yao. Wanatoroka kwa siku moja ili wapate beji ya uskauti, wanatekwa, na wanapelekwa kwenye jalala la zamani ambako mateka huchimba plastiki zilizotupwa na watu wa karne zetu. Anayetumwa kuwatafuta ni kundi la wapelelezi watatu wenye vipaji visivyo vya kawaida: mmoja husikia kupita kiasi, mwingine huona kupita kiasi, na wa tatu mwenye mikono mirefu huhisi yaliyomo mioyoni mwa wengine.

Farmer aliishi kusini mwa Afrika kwa miaka mingi, na hilo linaonekana. Mizimu na teknolojia vinaishi mji mmoja bila mwandishi kuomba radhi kwa lolote kati ya hivyo viwili, na mganga anayeongea na wahenga ana nafasi muhimu kama polisi anayerushwa angani kwa chombo. Sehemu iliyonifikirisha zaidi ni Resthaven, eneo lililozungushiwa ukuta ambamo watu wameamua kuishi kama mababu walivyoishi. Tendai anapapenda karibu mara moja, kwa moto wa jioni, hadithi na kazi zenye maana; Rita, aliye katika mahali hapohapo, anaona kazi ngumu wanazopewa wasichana na jinsi sauti yao inavyopuuzwa. Mwandishi anawaacha ndugu hao wawili wasikubaliane, na msomaji hashinikizwi achague. Ni kitabu kirefu, chenye kulegea katikati, kwa kuwa wapelelezi wanachelewa kufika mara nyingi mno hadi mtu anaanza kuuona mpango wa mwandishi. Kinafaa miaka 11 hadi 13, na kwa msomaji Mwafrika kina jambo ambalo hakuna kingine katika tathmini hii kinachompa, yaani wakati ujao wenye majina kama ya majirani zake.

Jules Verne na John Christopher nitawataja kwa ufupi. Riwaya za Verne, hasa ile ya safari ya kuelekea katikati ya dunia ya mwaka 1864, zina mawazo ambayo hayajazeeka, lakini katika hadithi ya manowari ya Nautilus orodha za samaki zimemshinda mtoto zaidi ya mmoja. Toleo lililofupishwa kwa uangalifu si aibu. The White Mountains cha Christopher, cha mwaka 1967, kinawahusu wavulana wanaokimbia kabla hawajatimiza miaka 14 na kuvishwa kofia ya chuma inayotawala akili. Kinasomeka kwa kasi ya ajabu, ila wasichana karibu hawamo, na msichana atakayeuliza kwa nini atakuwa ameuliza vizuri.

Nimekiacha nyuma The Giver cha Lois Lowry, cha mwaka 1993, kwa kuwa ndicho kinachotolewa kwa umri usiofaa mara nyingi kuliko vingine vyote. Lugha yake ni nyepesi, ni kifupi, na mhusika mkuu Jonas anakaribia miaka 12, kwa hiyo hujikuta mikononi mwa watoto wa miaka 9. Jamii yake haina njaa, ugomvi wala rangi, na mwanzoni inapendeza. Jonas anarusharusha tofaa na rafiki yake na kuona limebadilika kwa sekunde moja, asijue kwamba alichokiona ni wekundu. Kisha, baada ya kuteuliwa kupokea kumbukumbu za zamani za wanadamu, anaonyeshwa maana halisi ya neno linalotumiwa na kila mtu, la kwamba mtu fulani "ameachiliwa": anamwona baba yake mwenyewe, mpole na mcheshi, akimchoma sindano mtoto mchanga, pacha aliyezaliwa na uzito mdogo kuliko mwenzake, na kuutupa mwili wake. Sentensi za ukurasa huo hazina neno gumu hata moja.

Ninakipendekeza bila kusita kuanzia miaka 12, kwa sharti kwamba mtu mzima akisome kwanza na awepo mtoto akifika hapo. Wasomaji wengi hugombana na mwisho wake, ambao unaweza kusomwa kama kuokoka au kama kifo, na mabishano hayo darasani huzaa insha nzuri kuliko maswali ya mtihani. Lowry aliandika vitabu vingine vitatu katika ulimwengu huohuo, cha mwisho kikiwa Son cha mwaka 2012, na humo jibu la swali hilo linapatikana. Ndiyo maana ningevificha angalau mpaka mabishano yaishe.